Mzee anataka Kigoma siku moja, mama anataka kulala Urambo

KONA YA BI MKUBWA: MASWALI YA WASOMAJI

Safari hii nimefungua barua nikakuta kama mmepanga, karibu zote ni za wastaafu na barabara. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nimekata ile sehemu ya kumsema shemeji yake maana haikuhusu chochote.

SWALI

Dada Bi Mkubwa, shikamoo. Najua huenda umri wetu haupishani sana ila heshima kwanza. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 62, nakaa Cheyo hapa Tabora mjini, nimefundisha jiografia miaka 34. Mke wangu alikuwa muuguzi, naye kastaafu mwaka jana, watoto wote wameshaondoka, tumebaki wawili tunaangaliana na kugombania rimoti.

Sasa iko hivi. Katika ile hela ya mkupuo (kikokotoo kimetunyoa lakini hayo tuyaache) nilimalizia ukuta wa nyumba, nikalipa madeni, iliyobaki nikanunua gari, RAV4 ya zamani, ya mkononi, aliyekuwa nayo anasema alikuwa anaendea kanisani tu. Nia yangu tangu kijana ni kwenda Kigoma na gari yangu mwenyewe, maana miaka yote hiyo nilikuwa naenda na treni au nimebanwa kwenye basi katikati ya magunia na kuku. Sasa lami imekuja nikasema basi, tunatoka saa kumi na moja alfajiri, saa sita mchana tunakula samaki wa mgebuka Kibirizi, pale Kigoma ziwani, kesho yake tunageuza.

Mke wangu kagoma. Anasema kama ni kukimbia si tupande basi tu. Yeye anataka tupite kote tulikofanya kazi: Nzega alikoanzia, Igunga tulikokutana, Urambo nilikofundisha miaka tisa, Kaliua alikozaliwa mtoto wetu wa pili, halafu ndo tufike Kigoma, na kila mji tulale. Nimemwambia Igunga iko upande mwingine kabisa, yaani ni sawa na mtu anaenda kisimani halafu anazungukia kwa fundi cherehani. Kanijibu "sawa, nenda na hiyo gari yako", na tangu siku hiyo chai naletewa bila neno.

Juu ya hapo mtoto wetu mkubwa yuko Dar anapiga simu kila Jumapili, mzee uza hiyo gari ujenge fremu mbili ule kodi, mnataka kufia barabarani uzee huu.

Naomba uniambie, nani yuko sahihi, ni siku ngapi zinatosha, na hii gari itafika?

Mwalimu, Cheyo, Tabora

JIBU

Marahaba mwalimu, nimeipokea, japo ukweli ni kwamba nimekupita miaka kadhaa kwa hiyo ulikuwa sahihi kuitoa.

Nani yuko sahihi, mkeo. Wala sijafikiria sana. Ila na wewe una hoja yako moja ya ramani, Igunga kweli haiko njia ya Kigoma, hapo hata mimi ningekuunga mkono mbele ya baraza. Nzega iko kaskazini yenu, Igunga unakata mashariki, Kigoma ni magharibi mpaka mwisho wa reli. Mtu akitaka vyote kwa mkupuo mmoja atazunguka mpaka akose hamu. Kwa hiyo zifanye safari mbili, na ya kwanza iwe ya kwake.

Nakwambia ya kwanza iwe ya kwake kwa sababu mbili. Moja unaijua, ni ile chai isiyo na neno. Ya pili ni hiyo gari ya kanisani. Mwalimu wangu, hakuna gari ya mkononi Tanzania hii ambayo haikuwa inaendea kanisani au ya mama mmoja mwalimu, mie nimenunua mbili na zote zilikuwa hivyo hivyo. Gari usiyoijua huipeleki zaidi ya kilomita 400 kwenye misitu ya Malagarasi siku ya kwanza. Unaipeleka Nzega kwanza, kama kilomita 115, lami tupu, gereji zipo, ikikohoa unasikia ukiwa bado karibu na kwenu.

Kabla ya kutoka angalia tairi, na sisemi upige teke kama wanaume mnavyofanya pale gereji. Chuchumaa, vaa miwani, tafuta ubavuni mwa tairi kuna kakidirisha kadogo kameandikwa namba nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2014, hata kama maua yake bado mazuri na inang'aa kwa sababu wameipaka dawa, hiyo mpira wake umeshakauka na kwenye jua letu la mwezi wa kumi inapasuka bila hodi. Angalia na ya spea, watu wengi wanasahau ya spea, unakuta ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani. Upepo pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi, ukipima baada ya kutembea itakudanganya. Rejeta, feni belti, jeki yenye mpini wake (mpini huwa haupo, utaona), zile pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto, bima na leseni usiniache nikurudie. Kosa moja kwa trafiki ni elfu 30, na ukiingia kijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, hata kama unaona kijiji chenyewe ni mabanda matatu na mbuzi, maana yule wa tochi yuko nyuma ya mwembe.

Basi hapo tayari umeona kwamba ile hesabu yako ya saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita Kibirizi ilikuwa ya kwenye karatasi. Vijiji, matuta, rasta, ng'ombe, kuchimba dawa. Hata Stanley mwaka 1871 alikuwa na haraka kama yako, alikuwa hapo hapo Kwihara nje kidogo ya mji wenu, akaona aende moja kwa moja Ujiji kumtafuta Livingstone, kumbe mtemi Mirambo kaifunga njia ya Urambo, wakapigana naye wakashindwa, ikabidi azunguke kusini huko ndo akaibukia Ujiji. Wewe Mirambo hakufungii, unafungiwa na mkeo tu na yeye anachotaka ni kulala.

Sasa safari ya Igunga. Tokeni asubuhi ya kawaida, mkishakunywa chai, Nzega mtafika bado mapema, mama akatembee alikoanzia kazi, kuna watu aliowadunga sindano wakiwa wachanga sasa hivi wana wajukuu, mwache aongee. Usikae kwenye gari unapiga honi. Lala hapo. Kesho yake msiwahi kutoka, mnaelekea mashariki, jua la saa moja linakupiga machoni wazi wazi na barabara hiyo ndo ile ya malori ya Rwanda na Burundi yanayotoka Dar kupitia Singida, semi kubwa kubwa. Subiri saa tatu jua lipande. Na jioni kabla giza halijaingia uwe umeshafika gesti, lori lililoharibika likaachwa barabarani bila taa wewe hulioni mpaka umelikumbatia.

Igunga nawaonea wivu, nakuambia ukweli. Watu wanapita Igunga wamelala kwenye basi wakienda Mwanza wanaamka wanasema "hapa wapi, mbona tambarare hivi" wanalala tena. Ile tambarare ndo yenyewe. Ukitoka Igunga ukashuka kuelekea Shelui unaingia mbuga ya Wembere, nchi imelala kama mkeka, huna mti wa kushikilia jicho, kiangazi udongo mweusi umepasuka mipasuko ya kuingiza mkono, ng'ombe wanaonekana kwa mbali kama punje za kunde. Mwalimu wa jiografia utafurahi mwenyewe, maji ya mbuga ile hayaendi baharini kabisa, yanaingia ziwa Kitangiri, yanatoka na mto Sibiti, yanaishia ziwa Eyasi, yanakauka huko huko yanaacha chumvi. Umewafundisha watoto wa watu hayo miaka 34, je ulishasimama ukayaona?

Mie nimesimama, tena sikutaka. Mwaka ule (siutaji, mtajua umri wangu) tulikuwa na marehemu mume wangu kwenye pikapu ya kuazima, mwezi wa tatu, mvua imetoka kunyesha, na enzi hizo pale ni udongo mtupu. Nikamwambia baba fulani simama tuulize, akasema njia naijua. Tukazama. Tope la mbuga si tope la Tabora mjini, linashika kama ugali wa moto, nilishuka kusukuma nikatoa mguu, ndala haikutoka. Ndala yangu ya kushoto mpaka leo iko Wembere. Tumekaa pale kama saa tatu vyura wanapiga kelele, mume wangu hanitazami, mara akatokea kijana na ng'ombe wanne wa kulimia, nira shingoni na mnyororo wake kabisa, inaonekana alikuwa na uzoefu na watu wanaozijua njia. Ng'ombe wakavuta mara moja tu, tukatoka. Tukampa hela akaiangalia akasema hela humu nitanunulia nini, akaomba betri mbili za kwenye tochi yetu aweke kwenye redio asikilize mpira. Tukampa. Tukafika Shelui gizani hatuna tochi, tunacheka kama wehu, na mie nina ndala moja.

Siku hizi ni lami, hamtazama. Ila msitoke nje ya lami mvua zikishaanza kwa ajili ya kupiga picha, Novemba mpaka Aprili ile mbuga si ya kuchezea. Nendeni kuanzia Juni, asubuhi baridi nzuri, njia kavu. Na mkikuta siku ya mnada popote pale simameni, nyama choma ya mnadani huipati gesti.

Mkirudi Tabora, gari ioneshe fundi, kaeni wiki, halafu ndo Kigoma.

Huku mnaenda magharibi kwa hiyo mambo ya jua yanageuka, ukitoka asubuhi liko mgongoni, mchana likianza kukugeukia machoni uwe umeshafika. Ndo maana nasema laleni Urambo, ni kama kilomita 90 tu, unafika hata hujachoka, na wewe miaka tisa ya maisha yako iko pale. Mwalimu anayerudi alikofundisha hapiti kama upepo. Utashangaa, yule mtoto uliyemwita mbumbumbu ndo ana duka kubwa la pembejeo na atakununulia soda. Urambo watu wanaona tumbaku tu na mabani yake ya kuikaushia, wamesahau kwamba Mwingereza alikuja na mpango wa karanga mwaka 1947, matrekta, wataalamu, pesa ya kufuru, Kongwa, Nachingwea na Urambo, ukafika 1951 umeshakufa, karanga wakazishindwa ambazo bibi yangu alikuwa analima na jembe la mkono. Tumbaku ikaja nyuma yake ikabaki. Na kabla ya wote hao hapo ni kwa mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, jina lenyewe la Urambo ni lake.

Njiani mtakuta asali kwenye chupa za maji, michembe na matobolwa (viazi vitamu vya kukaushwa), na kama ni mvua za mwanzo mtakuta uyoga na maembe mpaka mtayakataa. Asali ikiwa imeganda chini msisusie, asali nzuri inaganda, kuganda si sukari waliyotia. Inusieni, ya mzinga wa porini ina harufu ya moshi kidogo. Nunueni mkirudi lakini, si mkienda, asali ikimwagika kwenye buti ya gari kwenye joto utaiuza hiyo gari pamoja na siafu.

Kaliua ni karibu tu na Urambo, kama 30 hivi, mkazi wa Kaliua anaijua kwa ile njia panda ya reli, moja inaenda Kigoma na nyingine inakata kushoto Mpanda. Hapo kwa kuwa ndo alikozaliwa huyo mtoto wenu wa pili, mpigieni simu mkiwa mlangoni pa hiyo zahanati. Baada ya Kaliua vijiji vinaanza kuachana, misitu, jazeni mafuta kabla, msitegemee kidumu cha pembeni ya barabara. Na kabla hamjatoka nenda stendi kaongee na dereva wa basi la Kigoma aliyefika jana, si wa wiki iliyopita, yeye ndo anajua kipande gani kina matengenezo na wapi wanachepusha. Kioo fungeni mkipita porini, mbung'o anapenda kitu kinachotembea, anaifuata gari kama anaidai, na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi ndo anazozipenda, ndo maana hata mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi. Mama ile kitenge yake ya bluu aiache begini.

Daraja la Malagarasi simameni upande ulio salama mtazame maji. Uvinza nunueni chumvi. Watu wanaipita tu, na pale chumvi imepikwa kutoka kwenye chemchemi zaidi ya miaka 1000, Wanyamwezi walikuwa wanaifuata kwa miguu. Lala Uvinza au malizia Kigoma, hapo mtaamua kwa mgongo wako. Ukifika, sawa, kula mgebuka wako Kibirizi, nenda Ujiji kwenye ile miembe ya Stanley na Livingstone, na mwone Liemba. Meli ile ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapo Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 ili isichukuliwe, wakaipaka mashine grisi kwanza, ikaibuliwa 1924 na ikarudi kazini 1927. Kwa hiyo ukiambiwa RAV4 yako ni ya zamani, unalo la kujibu.

Kwa hiyo siku: Igunga na kurudi nne, Kigoma na kurudi nane mpaka kumi. Mkichoka laleni zaidi, kwani nani anawasubiri? Gesti za wilayani hazina bei ya kutisha, omba kuona chumba kwanza, fungua bomba, bonyeza godoro, uliza gari inalala wapi na nani analinda.

Kuhusu fremu za mtoto wako. Sina ugomvi na fremu, mie mwenyewe ninayo moja, mpangaji ana miezi mitatu hajalipa na nikimpigia anasema "mama niko mnadani". Kama madeni umemaliza, nyumba ipo, pensheni ya kila mwezi inaingia na kadi za bima ya afya mnazo, hela ya mafuta na gesti siku kumi na nne haijawahi kumfilisi mtu. Asiifanye kama mnauza shamba. Ila usikope kwa ajili ya safari na usiguse akiba ya ugonjwa, hapo nitakuwa upande wake. Na hilo la uzee huu, mwambie Mnyamwezi zamani kijana hakuhesabika mwanaume mpaka aende pwani na kurudi na mzigo kichwani, kwa miguu, miezi. Na wake zao walikuwemo kwenye misafara, wamebeba vyungu. Hakuna aliyewaambia wajenge fremu.

Mwisho, umeandika barua ndefu kweli kweli na hujasema mkeo anaendesha au haendeshi. Kama ana leseni mpe usukani Kaliua. Kama hana, ramani ashike yeye, na akisema simama tuulize, simama.

SWALI

Shikamoo Bi Mkubwa. Mume wangu alikuwa reli, mie nilikuwa mama lishe, tunakaa Mwanga, Kigoma. Watoto wametulipia tukasalimie ndugu Nzega na Tabora kwa gari ya mjomba wao. Mimi nina sukari natumia sindano, mzee ana presha na magoti. Yeye anasema siku ya safari haitumii ile dawa ya kukojosha maana itamsumbua njiani. Je ni sawa? Na dawa yangu nitaiwekaje na hilo joto?

Mama wa Mwanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Mzee asiache dawa kwa kichwa chake mwenyewe. Aende kliniki kabla, aulize kama anaweza kuimeza saa nyingine siku hiyo, hilo ni swali la dakika mbili na daktari analijua, ila kuacha kimya kimya ndo presha inampandia Uvinza hakuna mtu. Mjomba aambiwe mapema kabisa kwamba kila saa moja na nusu gari inasimama, wote mnashuka, mnatembea mpaka kwenye mti ule na kurudi, damu ya miguuni isigande na magoti yasikaze. Mjomba akinuna mwache anune.

Dawa zako kaa nazo kwenye mkoba, usiweke kwenye buti wala juu ya dashibodi, gari iliyoegeshwa juani inakuwa tanuri. Sindano yako joto kali linaiharibu, na kuganda nako kunaiharibu, kwa hiyo usiilaze juu ya barafu moja kwa moja. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, halafu zungushia kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, kikikauka lowesha tena, ni akili ile ile ya mtungi wa udongo. Kula kwa saa zako, usisubiri mpaka "tutakula tukifika" maana kufika hakujulikani. Pipi au soda yenye sukari iwe karibu na mkono, ukianza kutetemeka na jasho la baridi huna muda wa kufungua mabegi. Na mwambie mzee akuangalie, wewe mwenyewe utakuwa wa mwisho kujua.

SWALI

Mambo Bi Mkubwa, mimi ni kijana wa Nzega. Wazazi wangu wamestaafu wote wawili na sasa hivi hawakai nyumbani, mara Ndala, mara Bukene, mara wako Singida kwa rafiki wa baba wa jeshini, simu wanazima wanasema wanatunza chaji. Juzi mama kaweka picha status yuko mbugani kasimama na ng'ombe kavaa kofia ya baba. Wadogo zangu tunaona wanachezea hela ambayo ingesaidia familia. Tuwaambieje bila kuwavunjia heshima?

Kijana, Nzega

JIBU

Poa mwanangu. Umesema familia, hiyo familia ina watu wangapi wenye kazi? Maana umeandika simu, chaji na status, hujaandika kama kuna mtu ana njaa au ada imekosekana. Kama ipo ada ya mdogo wenu mmoja kweli, kaa na baba yako, peke yenu, mweleze kiasi na tarehe, atakuelewa. Kama haipo basi mnachoita hela ya familia ni hela yao.

La simu una haki. Wanunulie chaja ya gari, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, si ghali, na mkubaliane jambo moja tu: kila jioni wakifika gesti wanatuma ujumbe wa jina la mji. Usiwapigie wakiwa barabarani, baba yako atapokea huku anaendesha, nawajua hao.

Halafu hiyo picha ya mama na ng'ombe nitumie.